Kinyaa Si Kipimo cha Sumu

Kila majira ya joto watu wa Maryland hutandika magazeti juu ya meza ndefu, wakamwaga hapo kaa waliopikwa kwa mvuke na kufunikwa viungo vya Old Bay, na kila mgeni akapewa nyundo ndogo ya mbao ya kuvunjia magamba. Ni karamu nzuri, na mtu aliyekulia pwani hahitaji kufundishwa. Nimeketi kwenye meza hizo mara nyingi, nyuma ya nyumba za watu wa kwetu huku Silver Spring na Hyattsville. Katika karamu mojawapo, mama mmoja aliyekuwa ameingia kutoka Bukoba wiki ileile alifungua pakiti ya senene waliokaangwa wakakaukia, akaiweka pembeni ya kaa. Kijana wa Kitanzania aliyezaliwa hapa akasogeza kiti chake nyuma. Mgeni mmoja akauliza kama wadudu wale ni salama kuliwa. Kabla mama hajajibu, dada mmoja wa kwetu, mtu mzima na msomi, aliichukua pakiti akaipeleka jikoni. "Shikamoo mama, samahani," alisema, "lakini hapa siyo nyumbani. Watu wataugua."

Mama yule hakusema neno. Na mimi, ambaye senene wamenilea, sikusema neno. Nasema leo.

Katika meza ile kulikuwa na kitu kimoja tu ambacho serikali imekitolea tahadhari ya afya, nacho hakikuwa senene. Ukimfungua kaa wa Ghuba ya Chesapeake utakuta ute wa manjano ambao wenyeji huuita haradali na wengi huusifu kuwa ndio utamu wenyewe. Ute huo ni kiungo kinachofanya kazi kama ini: huchuja uchafu na kuutunza. Idara ya Mazingira ya Maryland huwashauri wananchi wapunguze sana kuula au waache kabisa, kwa kuwa ndimo zinamorundikana kemikali za viwandani. Wageni wetu waliulamba vidoleni, kijana yule naye akaulamba, na hakuna aliyeuliza kama ni salama.

Rai ninayoipinga ndiyo hiyo, na imeenea huku Washington na vitongoji vyake kiasi kwamba haitamkwi tena. Inasema: kinachotisha macho ni hatari, kilichozoeleka ni salama. Mdudu ni hatari, mnofu mweupe wa samaki ni salama. Chakula cha soko la Waafrika kina shaka, cha duka kubwa lenye taa kali hakina. Watu wa kwetu tumeimeza rai hii pamoja na lugha ya wenyeji, tukawa tunaficha vyungu vyetu majirani wanapobisha hodi. Na wale wanaojidai kuikataa wameigeuza tu: kwao chakula cha kwetu chote ni salama kwa sababu wazee walikula. Kambi zote mbili zinapima sumu kwa moyo, moja kwa kinyaa, nyingine kwa mapenzi. Sumu haijui kinyaa wala mapenzi. Inajua aina ya kiumbe, mahali alipokulia, na namna alivyopikwa.

Nianze na wadudu, maana mwaka 2021 eneo zima hili liliingizwa darasani kwa lazima. Mwezi wa Mei mwaka huo nyenje wa kundi linaloitwa Brood X walitoka ardhini baada ya miaka 17 gizani. Wanatoka udongo unapopata joto la nyuzi 18 hivi, na palipo na wengi wanaweza kufika milioni moja na nusu katika ekari moja. Miti ya Maryland, Virginia na Wilaya ya Columbia ilipiga kelele mwezi mzima. Na watu waliwapika. Hawakuwa wageni kutoka Masaka au Bukoba. Walikuwa Wamarekani, wanafunzi na wapishi wenye majina. Tangu kundi hilo lilipotoka mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Maryland kilikuwa kimeshatoa kijitabu cha mapishi ya nyenje. Mpishi mmoja wa Leesburg, Virginia, aliwatia ndani ya chapati za mahindi za Kimeksiko. Katikati ya mji wa Washington kwenyewe, mkahawa wa Oyamel wa mpishi José Andrés umewauzia watu panzi wa Oaxaca kwa miaka mingi. Huko hakuna dada aliyesimama kuificha sahani.

Wataalamu walisema nini? Tarehe 2 Juni 2021 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo fupi: mwenye mzio wa vyakula vya baharini asile nyenje, kwa kuwa wadudu hao wana undugu na kamba na kamba-mawe. Lisome tena onyo hilo polepole. Halikusema mdudu ni sumu. Lilisema mdudu ni ndugu wa kamba. Protini ileile inayomvimbisha mtu midomo akila kamba ndiyo iliyomo ndani ya nyenje, na ndani ya senene. Maana yake ni kwamba mtu anayeweza kula kaa kumi bila kuwashwa hana sababu ya kumkimbia senene kwa ajili ya protini hiyo, na mtu ambaye kaa humpeleka hospitali akae mbali na senene hata kama alizaliwa Muleba. Huo ndio ujuzi. Kile kiti kilichosogezwa nyuma hakikuwa ujuzi.

Nyenje ana hatari nyingine, na si ya sura. Amekaa ardhini miaka 17 akinyonya mizizi; kama ardhi hiyo imepigwa dawa za kuulia wadudu, au iko chini ya nyumba kuukuu yenye rangi ya madini ya risasi, usimwokote. Tena kuna kuvu iitwayo Massospora inayomla nyenje akiwa hai, hadi mkia wake unadondoka na kubaki kipande cheupe kama chaki. Watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia walitangaza mwaka 2019 kwamba nyenje walioambukizwa wana kathinoni, dawa ileile iliyomo kwenye mirungi. Msomaji wa Meru au wa Lushoto hahitaji maelezo zaidi. Mwenye mkia mweupe anaachwa. Mwingine ananyonyolewa mabawa na miguu, anaoshwa na kukaangwa, kama vile Wahaya na Waganda wanavyowafanya senene tangu zamani, na mapishi hayo hayakuandikwa na chuo kikuu chochote.

Kama kinyaa kingekuwa kipimo, kisingebadilika jina likibadilika. Mwaka 2002 mvuvi mmoja alivua samaki wa ajabu katika kidimbwi cha Crofton, Maryland, mwendo mfupi kwa gari kutoka Washington. Alikuwa snakehead, samaki wa Asia mwenye kichwa kama cha nyoka, anayevuta hewa kama kamongo wetu. Magazeti yalichachamaa. Yaliandika kwamba anatembea nchi kavu na kwamba atakula kila kilichomo majini. Filamu za kutisha zikatengenezwa kwa ajili yake. Mwezi wa Septemba serikali ya jimbo ilikimwagia kidimbwi rotenoni, sumu ileile iliyomo kwenye utupa ambao watu wa kwetu walilevyia samaki mitoni. Samaki mwenyewe alifikaje pale? Mtu mmoja alikuwa amenunua wawili wakiwa hai katika soko la New York ili ampikie dada yake mgonjwa supu. Dada akapona kabla ya supu, samaki wakafugwa, kisha wakatupwa kidimbwini.

Yaani lile dude la kutisha lilikuwa chakula cha mgonjwa. Sehemu kubwa ya Asia humpikia supu yake anayeuguza kidonda, kama sisi tunavyompikia mzazi mtori. Miaka miwili baadaye alionekana katika Mto Potomac, na leo yuko kila mahali. Serikali ileile iliyomwagia sumu sasa inawasihi wananchi wamvue bila kikomo na wamle, kwa kuwa anasumbua samaki wenyeji. Wananchi hawakutaka, kwa sababu ya jina. Basi mwaka 2024 Bunge la Maryland lilimbadilisha jina kwa sheria, akawa Chesapeake Channa. Mnofu ni uleule, mweupe, mgumu kidogo, usio na shombo. Jimbo zima limelazimika kutunga sheria ya kushindana na kinyaa ambacho hakikuwa na ukweli wowote ndani yake. Nawauliza wanaotuambia tuamini macho yetu: macho yaliona nini pale Crofton?

Na kinyume chake kipo. Bunju anajulikana pwani yote kutoka Lamu hadi Kilwa. Mtoto wa mvuvi anafundishwa kumrudisha majini kabla hajajua kuhesabu. Sumu yake haifi kwa moto. Huku Chesapeake wavuvi humla bunju wao, wanamwita kwa jina la mapenzi lenye sukari ndani, na mikahawa inamuuza akiwa amekaangwa. Je, wamechanganyikiwa? Hapana. Ni aina nyingine, na FDA inatambua bunju wa maji ya kati ya Virginia na New York kuwa salama. Mbali na huyo, inamkubali tu yule anayeandaliwa Japani na mafundi wenye leseni na kuingizwa kwa makubaliano ya mwaka 1988. Lakini wa Florida, ambaye ukimweka kando ya huyu wa Virginia mtu wa kawaida hawatofautishi, amewalaza watu hospitali: kati ya mwaka 2002 na 2004 watu 28 walidhurika na bunju waliovuliwa katika wangwa mmoja wa jimbo hilo. Samaki wawili wa sura moja, mmoja kitoweo, mmoja sumu. Mzanzibari anayehamia Virginia asibadili alichofundishwa na baba yake eti kwa kuwa amemwona Mmarekani akila. Na Mmarekani asimcheke Mzanzibari. Kila mmoja anajua bunju wa maji yake.

Sasa nije nyumbani, kwenye muhogo, kwa sababu hapa ndipo watu wetu wanapokosea wakidhani wako salama kabisa.

Ingia duka lolote la vyakula vya Waafrika pale Langley Park. Utakuta muhogo umepakwa nta ili usiharibike, unga wake mweupe ndani ya mifuko, na kisamvu kilichosagwa na kugandishwa, ambacho ndugu zetu wa Kongo wanakiita sombe au pondu. Hakuna kitu katika duka hilo kinachoonekana kipole zaidi. Mtoto aliyemkimbia senene anakula kisamvu cha nazi bila kuhimizwa. Lakini katika chakula chote nilichokitaja tangu mwanzo wa makala hii, muhogo ndio ulioua na kulemaza watu wengi zaidi. Mizizi yake na majani yake yana kemikali iitwayo linamarini. Mmea ukiumia, kimeng'enya chake chenyewe huivunja linamarini na sianidi hutoka. Ndivyo muhogo unavyojilinda na panya na nguruwe.

Mama anayetwanga kisamvu kinuni halainishi majani tu. Anayaumiza kwa makusudi, ili kimeng'enya kikutane na linamarini, sianidi ifumuke, kisha aichemshe iondoke na mvuke, sufuria likiwa wazi. Ukiyachemsha majani mazima bila kuyatwanga, moto unakiua kimeng'enya kabla hakijafanya kazi, na sehemu ya sumu inabaki pale pale. Bibi zetu hawakujua neno sianidi. Walijua kwamba kisamvu kinatwangwa, kinachemshwa mpaka maji yabadilike, ndipo nazi na karanga vinaingia. Wamakonde wanaolima muhogo mchungu walijua kuuvundika na kuuanika. Watu wa Kanda ya Ziwa walijua kutengeneza udaga. Kila hatua inayoonekana ni adha ya kijijini ilikuwa inaondoa sumu.

Na hatua zinapokatwa, watu wanaumia. Mwaka 1981 katika Mkoa wa Nampula, Msumbiji, ukame ulipoua mazao mengine, familia zilibaki na muhogo mchungu peke yake na hazikuwa na muda wa kuuanika siku zote zinazotakiwa. Watu zaidi ya elfu moja, wengi wao wanawake na watoto, walipooza miguu ghafla na hawakupona. Ugonjwa huo unaitwa konzo, jina lililotoka Kongo, ambako ulielezwa kitabibu mwaka 1938. Mwaka 1985 ulifika Tarime, nao ukaja na ukame. Mwezi wa Septemba 2017, wilayani Kasese, Uganda, watu 98 waliugua kwa ugali wa unga wa muhogo na wawili walifariki. Unga ule ulipopimwa ulikuwa na takriban miligramu 88 za sianidi kwa kilo. Kiwango kinachokubalika kimataifa ni 10. Ulikuwa mweupe, laini, wa kawaida. Hakuna aliyesogeza kiti.

Nimewaona vijana wetu wakipasha kisamvu cha pakiti kwenye maikrowevu dakika tano na kukila na wali, kwa kuwa kimeshasagwa na kinaonekana kama mchicha uliopikwa. Nimewaona wengine wakitafuna muhogo mbichi wa dukani bila kujua ni wa aina gani. Ukiwaambia, jibu ni lile lile: bibi yangu alikula miaka themanini. Ndiyo, alikula. Lakini alikula alichokitwanga yeye, muhogo wa shamba alilolipanda yeye, ambao mche wake ulitoka kwa mama mkwe aliyemwambia huu ni mtamu na ule ni mchungu. Wewe umerithi jina la chakula, hujarithi mapishi.

Hilo linanifikisha kwa kambi ya pili, wale ambao kila onyo kwao ni dharau ya Mzungu. Nawaheshimu kwa kuwa wanakipenda cha kwetu. Lakini niwakumbushe Pemba. Mwezi wa Machi 2024, katika Kisiwa cha Panza, watu walichinja kasa, wakagawana nyama kama ilivyo desturi ya majirani wema. Watoto wanane na mama mmoja walifariki, na watu 78 walilazwa hospitali. Miaka miwili na ushee nyuma yake, Novemba 2021, Pemba ilikuwa imeshazika watu saba kwa sababu hiyohiyo. Sumu ya kasa inadhaniwa kutoka kwenye kile anachokula baharini. Kasa mmoja hana, mwingine anayo, na kwa macho hawatofautiani. Haitoki kwa kuchemsha, wala haina dawa ya kuitangua. Hapa hakuna ujuzi wa kinu wala wa jua unaosaidia, kwa hiyo jambo la busara ni kuacha kabisa, hata kama babu alikula na akaishi. Babu alibahatika. Nasema hivi nikiwa na uchungu, kwa kuwa aliyewapa watoto wale nyama aliwapa kwa upendo.

Mtetezi wa senene anayeshindwa kusema wazi kwamba kasa haliwi, hatamshawishi mtu yeyote kuhusu senene. Ndiyo maana sikubali utetezi wa jumla wa "vyakula vyetu vya asili". Muhogo una hukumu yake, kasa ana yake, senene ana yake.

Wapo watakaonijibu kwamba mjadala huu hauhitajiki Marekani, nchi yenye wakaguzi na lebo. Kinachouzwa kimepimwa, kwa hiyo ale mtu alichonunua dukani aache mengine. Hoja hii inasikika sana misikitini na makanisani kwetu baada ya ibada, watu wakinywa chai. Ina ukweli nusu. Wakaguzi wapo na wanafanya kazi kubwa. Ila mkaguzi haingii jikoni kwako. Chukua maharage mekundu, chakula kisicho na sura ya kumtisha mtoto. Yana sumu ya asili, na manne au matano tu yakiliwa mabichi yanatosha kumtapisha mtu kwa saa kadhaa. FDA inaelekeza kuyaloweka saa tano, kumwaga maji, kisha kuyachemsha katika maji mapya kwa nusu saa au zaidi. Familia nyingi hapa huyatia asubuhi kwenye sufuria la umeme la kupikia polepole na kwenda kazini. Moto wake hautoshi. Maharage yaliyopashwa bila kuchemka yanaweza kuwa na sumu kali kuliko mabichi. Mama aliyezoea kuyachemsha kwa kuni tangu asubuhi mpaka adhuhuri hakuwa na tatizo hilo. Sisi tulionunua chombo kipya ndio tulio nalo.

Chukua chaza. Mikahawa mikongwe ya jirani na Ikulu huwauza wabichi juu ya barafu, na mtu anayekula chaza kumi na mbili anahesabiwa kuwa amestaarabika. Chini ya orodha ya vyakula kuna alama ya nyota na maandishi madogo yanayosema kwamba vyakula vibichi vinaweza kuleta ugonjwa. Nyota hiyo ipo kwa ajili ya mambo kama bakteria aitwaye Vibrio vulnificus, ambaye hupenda maji ya uvuguvugu ya pwani, Chesapeake ikiwemo. Haonekani wala hanuki, na ndimu au pilipili haimuui. Katika kila watu watano anaowaambukiza, mmoja hivi hufariki, hasa wenye maradhi ya ini. Nyota ileile iko kwenye orodha za mikahawa ya Kihabeshi ya Silver Spring, kando ya kitfo, nyama mbichi iliyosagwa na kukolezwa siagi na mitmita. Ni haki iwepo, maana nyama ya kusaga hubeba vijidudu ndani yake, na mjamzito aagize iliyopikwa ikaiva kabisa, si ile iliyopitishwa motoni tu, leb leb. Lakini nimesikia watu wetu wakimshangaa Mhabeshi kwa kitfo, kisha wakampeleka mgeni wao mjini akale chaza. Wamepima nini, kama si hadhi ya mlaji?

Nimeacha mwisho jambo linaloniuma zaidi. Mto Anacostia unapita katikati ya Wilaya ya Columbia na kuingia Potomac. Siku za Jumamosi utawakuta watu ukingoni na fimbo zao na ndoo: Wamarekani weusi waliovua hapo na baba zao, Walatino, na Waafrika, wakiwemo wa kwetu. Wanavua kambare na mikunga, wakubwa, wanono, wa kupendeza. Mtu aliyetoka Kigoma au Kisumu akimwona kambare yule moyo unamrudia. Anamlinganisha na samaki aliyefungwa kwenye plastiki dukani na kusema huyu ndiye samaki.

Matope ya mto huo yamejaa kemikali za PCB, ambazo Marekani ilipiga marufuku kutengenezwa mwaka 1979 lakini haziozi. Samaki anayekula chini kabisa huzihifadhi kwenye mafuta yake, na kadiri anavyozeeka na kunenepa ndivyo zinavyoongezeka. Zinahusishwa na saratani na kudhoofisha ubongo wa mtoto aliye tumboni. Hazina ladha, na kupika hakuziui. Serikali ya Wilaya imekuwa ikitoa tahadhari kwa miongo kadhaa, mikunga wakiwa miongoni mwa wanaokatazwa kabisa. Hata hivyo utafiti wa mwaka 2012 ulikadiria kwamba watu wapatao 17,000 walikuwa wakila samaki wa mto huo, na wengi wanaovua huwagawia wengine. Ni ukarimu uleule wa Panza.

Kambare wa buluu, ambaye Virginia ilimpandikiza mitoni mwake miaka ya 1970 na 1980 kwa ajili ya wavuvi wa burudani, amezidi kiasi kwamba Maryland nayo inaomba aliwe. Basi mle, mkimnunua kwa muuzaji anayejua amevuliwa maji gani, na mkichagua wadogo. Wa Anacostia mwacheni.

Ndugu msomaji unayeishi huku, ukipita pale ukingoni ukamwona mtu wa kwetu na ndoo yake, shuka. Msalimie. Muulize samaki wale anampelekea nani. Kama nyumbani kuna mjamzito au mtoto mdogo, usione haya kumwambia, kwa Kiswahili chetu, kwamba tahadhari iliyoandikwa pale kwa Kiingereza inamhusu yeye. Na ukiwa na senene nyumbani, mpe.